Kofia ya Jino la Mwalimu Somoe

Wewe uliyekabidhiwa kiti changu cha meno, sogea unisikilize kabla sijainuka tena. Siku hizi siwezi kukaa. Tangu nistaafu naamka kabla ya adhana, nafagia uwanja uliokwisha kufagiwa, natembea mpaka ufukweni hapa Shangani, narudi, nasahau nilichorudia, naenda tena. Jirani yangu Mama Neema, anayeuza vitumbua kibarazani kwake, ameshaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia hapana, ni mikono tu inatafuta kazi. "Basi njoo ugeuze vitumbua," akasema. Niligeuza. Viliungua. Sijaitwa tena.

Ndiyo maana nimeona niandike. Nataka kuwaambia habari za kofia za meno, yaani ule mfuniko tunaouvisha jino lililovunjika au kupasuka ili liendelee kufanya kazi. Ninyi vijana mnazijua kwa vitabu na mashine kuliko nilivyozijua mimi nilipoanza. Ninachoweza kuwaachia ni namna ya kumweleza mtu anayeketi pale akiwa ameshika mikono ya kiti kama anayevuka mto, na namna ya kujizuia usimalize kazi kabla haijaisha.

Nilifika Mtwara nikitokea Njombe, na sweta mbili kwenye sanduku. Mpaka leo sijui nilidhani nitazivaa lini. Chumba cha meno kilikuwa na kiti kimoja kinachopandishwa kwa kukanyaga pedali, na pedali yenyewe ilikuwa na tabia ya kushuka polepole, hivyo ukianza kazi mgonjwa yuko kifuani kwako, ukimaliza yuko magotini. Mkubwa wangu alikuwa Dokta Nandonde, Mmakonde wa Newala, mtu mnene, mpole, mwenye vidole ambavyo usingetegemea vinaingia mdomoni mwa mtu. Siku ya kwanza mgonjwa alipoingia nikamwambia, "Fungua mdomo." Dokta Nandonde akanivuta kando.

"Dada, umemsalimu?"

"Bado."

"Amekuja na nani? Ametoka wapi? Amekula?"

"Sijui, Dokta. Nimeangalia jino."

"Jino lina mwenyewe. Anza na mwenyewe."

Basi nikarudi kuanza na mwenyewe. Nimekuwa nikianza naye mpaka siku ya mwisho, ingawa kuna asubuhi foleni ilifika getini na salamu zangu zikawa fupi mno.

Miaka ile tuling'oa. Watu walikuja jino limeshawapwita wiki nzima, wamelitia karafuu, wamelitia chumvi, wamelitia vitu ambavyo sitavitaja hapa, na walipoketi walitaka neno moja tu. "Ng'oa, Dokta, nikaokote korosho." Msimu wa korosho hakuna aliyekuwa na nafasi ya kurudi mara ya pili, sembuse ya tatu. Kwa hiyo tulipoanza kutengeneza kofia, kazi ngumu haikuwa kuchonga jino. Kazi ngumu ilikuwa kumshawishi mtu mwenye maumivu kwamba jino lake bado linafaa.

Mkulima mmoja wa Kitaya, Mzee Chilumba, ndiye aliyenipa njia bila kujua. Gego lake lilikuwa na ufa katikati. Nilimweleza kwa maneno yangu yote ya chuoni, naye akaniitikia kwa adabu kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari ya nchi nyingine. Nikaishiwa. Nikamwuliza, "Mzee, mpini wa jembe ukianza kupasuka, unautupa?"

"Nautupaje? Nauvika pete ya chuma."

"Kwa nini?"

"Usiendelee kupasuka. Ukipiga chini, pete inaushika."

"Basi na mimi nataka kulivika jino lako pete. Itafunika mpaka juu."

Akapapasa shavu lake. Halafu akacheka mpaka akakohoa. "Miaka yote nanunua mpini, leo nimekuwa mpini!" Alikubali. Tangu siku hiyo sikuwahi kumweleza mtu wa shamba kofia ya jino bila kupitia kwenye jembe lake. Nawe tafuta la mgonjwa wako. Fundi cherehani ana lake, mvuvi ana lake.

Baada ya hapo mwambie atarajie nini, moja baada ya nyingine, na usiharakishe. Mwambie utapiga picha ya jino kwanza, uone mzizi. Kama mshipa wa ndani umekufa, mzizi utasafishwa na kuzibwa kabla ya yote, na hiyo huenda ikahitaji kuja zaidi ya mara moja. Ukishampiga ganzi utalichonga jino pande zote lipungue, ili kofia ipate pa kukaa. Sehemu hii huwashtua wengi, maana wamekuja na jino dogo nawe unalipunguza tena. Utachukua kipimo kwa ute mzito unaokaza mdomoni kama uji uliosahauliwa jikoni. Wengine hutaka kutapika. Waambie wapumue kwa pua na kuinua mguu mmoja. Mguu hausaidii chochote, ila unawapa kazi. Rangi ya kofia ichagulie dirishani, kwa mwanga wa asubuhi, si chini ya taa.

Kisha utamvisha kofia ya muda, na hapo ndipo usingizi wangu ulipokuwa ukikatika. Kofia ya muda ni nyepesi, imeshikwa na gundi dhaifu kwa makusudi. Mgonjwa haumwi tena, anajiona amepona, anaondoka. Nawe unabaki na kofia yake halisi kwenye kiboksi juu ya rafu, unaiangalia kila asubuhi. Nimewahi kumfuata mtu mpaka sokoni. Nimewahi kumwona mgonjwa wangu kando ya barabara akimenya muwa kwa kofia ya muda, nikashuka kwenye pikipiki kabla haijasimama sawasawa. Nina alama gotini.

Lakini niliyekusudia kukusimulia ni Mwalimu Somoe.

Alikuwa mama wa makamo wa Mahurunga, mrefu, mwenye mwendo wa mtu aliyezoea kutazamwa na watoto. Aliingia pamoja na mdogo wake, Zuhura, na mkono wake ulikuwa umefunika mdomo kwa ncha ya mtandio. Nikasalimia, nikauliza safari, nikauliza kilichotokea. Zuhura akadakia.

"Alifungua soda kwa meno, Dokta. Harusini."

"Zuhura!"

"Si kweli? Na opena ilikuwapo mezani."

"Meza ya wanaume."

"Sasa bora jino?"

Mwalimu Somoe akaniangalia kama anayeomba msaada dhidi ya ndugu. Akaondoa mkono mdomoni. Jino la mbele, la juu, lilikuwa limekatika zaidi ya nusu, na kilichobaki kilikuwa kimeanza kubadilika rangi. Jirani yake lilikuwa zima. Nilidhani kinachomsumbua ni uso, nikaanza kumtuliza kwamba tutalirudisha na hakuna atakayejua.

"Dokta, uso wangu mume wangu kashauzoea," akasema. "Mimi nasomesha watoto Kurani. Wadogo, wale wa alifu. Ile herufi ya tha, ulimi unakuja hapa, ncha ya ulimi na ncha ya meno ya juu. Dhali nayo hapo hapo. Fa, meno yale yale na mdomo wa chini. Sasa meno sina. Nikisema tha, inatoka sa. Najua, najitahidi, lakini inatoka sa."

"Na watoto wanacheka?"

"Wangecheka ingekuwa nafuu. Wananifuata. Mtoto hafuati kitabu, anafuata mdomo. Alikuja mgeni akawasikiliza, wote wakamwambia sa. Akauliza, nani kawafundisha? Wakajibu kwa furaha, 'Mwalimu!'"

Zuhura akamrekebishia mtandio begani.

Tangu siku ile aliacha kusomesha. Wazee wanaosimamia madrasa walimvumilia, wakampa muda mpaka watakapofungua tena baada ya Idi. Akiwa bado hajapona, wale wadogo wangeunganishwa na darasa la wakubwa, kwa mwalimu ambaye, kwa maneno ya Somoe, "ni mtu mzuri lakini subira yake inaanzia juzuu ya pili." Wadogo wangekaa nyuma wakisikiliza wasichokielewa, kisha wangeacha kuja. Aliwahi kuona hivyo. Alikuwa amewasomesha hata mama zao wengi, na sasa alikuwa akiniuliza kama jino litawahi.

Nikamwambia litawahi kama nasi tutawahi. Kuhusu sindano na saumu, maana Ramadhani ilikuwa imeingia, alimuuliza shehe wake, si mimi. Mimi nilimpangia saa iliyomfaa. Tulisafisha mzizi, tukauziba, tukaweka nguzo ndani yake, tukachonga, tukachukua kipimo, tukakituma maabara ya Dar es Salaam. Kisha tukaanza kungoja, yeye nyumbani na kofia ya muda ambayo alisema inamfanya aongee kama amebana pipi, mimi kliniki.

Sikungoja vizuri. Mzigo ulipaswa kuja kwa basi. Nilikwenda stendi, basi likaja bila mzigo. Nikapiga simu, nikaambiwa umeondoka. Nikarudi stendi, kondakta akaniambia, "Mama, ukiendelea hivi nitakuandikia siti." Tumaini, nesi wangu msaidizi, alikuwa akinipa vikombe vya chai ambavyo nilivisahau kwenye kila dirisha. Idi ikapita. Madrasa ilibakiza siku chache ifunguliwe ndipo kiboksi kikafika.

Kofia ilikuwa nzuri. Sikupata kuona rangi iliyolingana vile. Nilimwita Somoe, akaja na Zuhura asubuhi, nikatoa ile ya muda, nikaipachika mpya bila gundi, nikampa kioo.

"Dada!" Zuhura akapiga makofi. "Kama wa kwenye tangazo la dawa ya meno!"

"Tangazo halisomeshi watoto," Somoe akasema. Aliangalia kwa muda. "Mwanya wangu uko wapi?"

Nikainama kuangalia. Alikuwa na mwanya mbele maisha yake yote, ule wa kuimbiwa harusini, na fundi wa maabara, ambaye alipelekewa jino moja zima na kisiki kimoja, aliijaza nafasi yote kwa nia njema. Jino lilikuwa pana, na kwa kutaka kuwiana na upana ule, alilirefusha pia. Somoe akaweka kioo chini. Akafumba macho. Akasema, "Tha."

Akarudia. "Tha."

Mimi niliona ni sawa. Nikamwangalia Zuhura, nikaona kicheko kimemwisha. "Inapiga mluzi, dada," akasema taratibu.

"Ulimi utazoea, Mwalimu," Tumaini akamwambia, na gundi ilikuwa tayari mkononi mwake. "Wote huzoea."

Hakukosea. Mwambie kila mgonjwa hivyo, maana ni kweli: kofia mpya huwa kama mgeni mdomoni, mate huongezeka, baridi huchoma kidogo, fizi huuma, na baada ya siku chache ulimi husahau. Nilikuwa nimelisema neno hilo kwa wagonjwa wasiohesabika na karibu wote walizoea. Nje watu walikuwa wakigongagonga mlango kuuliza zamu.

"Mimi nitazoea," Somoe akasema. "Na watoto nao watazoea. Hilo ndilo ninaloliogopa."

Nikainuka. Nikaenda dirishani, nikarudi, nikaenda tena. Kuirudisha Dar kungepitisha siku ya kufungua. Kuichonga mwenyewe kuliwezekana, ila kofia ile ni kama kigae: ukiibana vibaya au ukiipasha moto kwa mashine, inapasuka, na hapo tungebaki bila kofia na bila muda.

"Dokta, keti," Somoe akasema. "Unanitia wasiwasi."

Nikaketi. Nikamweleza njia zote mbili, na hatari ya kila moja, bila kumsukuma upande wowote. Hili nalo lishike: ukiwa na wasiwasi, mgawie mgonjwa ukweli, usimgawie wasiwasi. Akakilaza kioo mapajani.

"Chonga," akasema.

Nikaitoa, nikachagua kichongeo chembamba kuliko vyote, maji yakimwagika juu yake muda wote. Nikaanza na ubavu, kugusa na kuacha, kugusa na kuacha, mpaka uzi wa kusafishia meno ukapita bila kukwama, halafu zaidi kidogo. Nikairudisha mdomoni. Mwanya ukachungulia. Zuhura akasema, "Karibu nyumbani." Kisha ukingo wa chini. Kila nilipopunguza, nilimvisha, naye akasema herufi zake tatu, tha, dhali, fa, akatikisa kichwa.

"Bado. Ulimi unagonga kabla ya wakati."

"Wapi? Mbele au nyuma?"

"Weka wako uone. Ncha ya ulimi, ncha ya jino. Usiung'ate. Sema."

Nikasema. Mimi Mkristo, mwanakwaya wa Njombe, na barakoa kidevuni.

"Tena."

Nikasema tena.

"Dokta," akasema, "ukipata nafasi njoo madrasa. Nitakuweka mstari wa mbele."

Tumaini alicheka mpaka akaweka gundi mezani, na nadhani hapo ndipo naye alipokubali kwamba hatutaitumia bado. Umeme ukakatika, tukangoja na kofia kiganjani mwangu, ukarudi. Nikapunguza kwa nyuma. Nikamvisha. Akasema herufi zake, akazisema tena kwa sauti ya darasani, mpaka waliokuwa nje wakaacha kugonga.

"Hapa," akasema. Halafu, "Nadhani."

Lile "nadhani" ndilo lililonizuia. Mtu hujisikia kwa ndani ya kichwa chake, si kama wengine wanavyomsikia, na mimi masikio yangu hayakuwa ya kuamua jambo lile. Kwa hiyo niliing'arisha kofia mahali nilipoichonga, nikaiweka kwa gundi ya muda. Nikamwambia, nenda ukafungue darasa. Usitafune kitu kigumu upande wa mbele, korosho mpe Zuhura. Ikilegea usiimeze, njoo nayo. Usomeshe kama kawaida, kisha tuone.

Nikawa sina raha kabisa. Nikimtibu mtu, namwuliza Tumaini kama simu imelia. Gundi ile ingeweza kuachia wakati wowote, mbele ya watoto, na kosa lingekuwa langu. Wiki hiyo wenzangu walikuwa na safari ya kukagua meno shule ya msingi Mahurunga. Nikajipachika. Tukaangalia midomo asubuhi nzima, tukagawa miswaki, na wenzangu walipoketi kula, mimi nikaulizia madrasa.

Niliisikia kabla sijaiona. Nikasimama nyuma ya ukuta. Sauti ya Somoe ilikuwa ya chini, sikuipata vizuri. Watoto ndio waliojaa hewani, wote kwa pamoja.

"Tha, thi, thu!"

Nikasikiliza kama ninavyosikiliza pigo la moyo. Hakukuwa na mluzi. Hakukuwa na sa. Nikachungulia, nikaona ndimi zote zimetokeza kidogo chini ya meno, safu nzima, isipokuwa kitoto kimoja kilichong'oka meno ya maziwa, ambacho kilikuwa kinapuliza hewa kwa bidii kubwa.

"Wewe subiri," Somoe alikuwa akikiambia. "Yako yanakuja yenyewe. Ya mwalimu yalitoka Dar."

Akaniona. "Dokta! Umepotea njia?"

"Nimekuja kuangalia kofia."

"Usiniangalie mimi, basi. Hao hapo." Akawageukia. "Mwonyesheni mgeni."

Wakanionyesha, tena na tena, wakishindana kwa sauti, na mgeni akasimama mlangoni na viatu vyake mkononi. Walipomaliza Somoe akanisogelea, akagonga lile jino kwa ukucha.

"Sasa kaza," akasema.

Alikuja kliniki siku chache baadaye. Nikaitoa, nikasafisha, nikaikaza kwa gundi ya kudumu. Nikamfundisha kupitisha uzi pale kofia inapokutana na fizi, kwa sababu kofia yenyewe haiozi lakini jino lililo chini yake linaweza kuoza, na nikamwambia kofia haidumu milele, aje tuikague hata kama haimsumbui. Soda hatukuizungumzia. Zuhura aliizungumzia.

Kwa hiyo kofia itakapokaa vizuri, rangi imekubali, foleni inagonga mlango na mkono wako umeshaelekea kwenye gundi, simama. Mwulize mgonjwa anasema nini kila siku kazini kwake. Mwache aseme kwa sauti, apunguziwe, aseme tena. Kama ana shaka hata kidogo, tumia gundi ya muda, mrudishe kazini kwake, na ukaze atakaporudi kukwambia kaza.